Mwili Hausahau: Rekodi Kumi na Moja za Kinga Inayojifunza

Mtoto akikanyaga mwiba Jumatatu akanyamaza, Jumatano mtoki utamsemea. Kinundu kigumu huvimba kwenye kinena, kinauma ukikibonyeza, na bibi yake ataanza kumkagua vidole vya mguu mpaka akipate kidonda. Bibi hakusomea baiolojia, ila kanuni anaijua: mtoki ukitoka kinenani, tafuta mguuni, ukitoka kwapani, tafuta mkononi.

Mtoki ni tezi iliyozidiwa na kazi. Vijidudu vilivyopenya kwenye kidonda, au mabaki yao, hupelekwa humo na kuonyeshwa kwa maelfu ya seli nyeupe za damu. Kila seli imeumbwa kumtambua adui wa namna moja tu. Ile inayomtambua huyu wa leo huanza kuzaana, na tezi inavimba.

Kinga yetu ina ngazi mbili. Ya kwanza tunazaliwa nayo: ngozi, kamasi, homa, usaha, na seli zinazomeza chochote kigeni. Hiyo hufika upesi, lakini haichagui sana adui na kumbukumbu yake ni fupi. Ya pili ni kinga inayojifunza. Huchelewa, huchagua, na ikishamjua adui humweka moyoni kwa miaka. Rekodi zinazofuata ni za hiyo ya pili na za maadui wake.

1. Ghala lenye silaha nyingi kuliko zote

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha zake mbili za juu ndizo zinazomshika adui. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000 tu. Lakini aina za kingamwili ambazo mwili mmoja unaweza kuzibuni huhesabiwa kwa mabilioni mengi. Hesabu hiyo iliwasumbua wanasayansi kwa miongo kadhaa: kapu dogo hivyo limetoaje nguo nyingi hivyo?

Jibu lilitolewa na Mjapani Susumu Tonegawa, aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi. Mwaka 1976 alionyesha kwamba seli B, zile seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, haziitumii jeni ya kingamwili kama ilivyorithiwa. Huikatakata. Fikiria fundi cherehani mwenye mafungu matatu ya vitambaa: moja la kola, moja la vifua, moja la mikono. Akichukua kipande kimoja kutoka kila fungu na kuvishona, vitambaa vichache vinampa mashati mengi yasiyofanana. Seli B hufanya hivyohivyo na vipande vya jeni, kisha kwenye mshono huongeza au kupunguza herufi chache ovyo. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987, peke yake.

Matokeo yake ni kwamba mwili huwa na silaha dhidi ya virusi ambavyo haujawahi kukutana navyo. Hauhitaji kumjua adui mapema. Unatengeneza funguo kwa bahati nasibu na kusubiri kufuli.

2. Shule yenye mtihani mgumu kuliko yote

Bahati nasibu ina hatari yake, kwa sababu funguo nyingine zitafungua milango ya nyumbani. Seli inayomtambua mwenye mwili kama adui ni balaa. Kwa hiyo seli T, kundi jingine la seli nyeupe za kinga inayojifunza, hupelekwa shule kwanza, kwenye tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo.

Mitihani ni miwili. Wa kwanza: je, unaweza kusoma vitambulisho vya seli za mwili huu? Usipoweza, unakufa. Wa pili: je, unazishambulia seli za mwili huu? Ukizishambulia, unakufa pia, ingawa wachache hugeuzwa kuwa walinzi wa amani. Katika kila seli 100 zinazoingia, zisizofika hata 5 ndizo zinazotoka hai. Hakuna baraza la mitihani lenye takwimu za namna hiyo.

Thaimasi ina rekodi nyingine: ni miongoni mwa viungo vikubwa vya mwisho mwilini kujulikana kazi yake. Mpaka miaka ya 1950 wengi waliiona kama makaburi ya seli tu. Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa London, aliwatoa panya wachanga thaimasi akakuta hawawezi kupambana na maambukizi wala kukataa ngozi ya panya mwingine. Shule hii hufunguliwa mapema na kufungwa mapema. Baada ya balehe huanza kunywea na nafasi yake kujazwa mafuta.

3. Uzazi wa haraka kuliko wote

Kwa adui yeyote mmoja, seli T zinazomfaa ni chache mno, pengine moja kati ya laki moja au hata milioni. Ikipatikana, hugawanyika mara mbili hadi nne kwa siku, siku tatu hadi tano mfululizo. Moja huwa mbili, nne, nane, na kabla ya wiki kwisha ni maelfu. Ndiyo maana mafua hukutesa siku kadhaa kisha yakaanza kuachia. Mwili ulikuwa unaandikisha askari.

Seli B hufanya jambo la ajabu zaidi. Zikiwa ndani ya tezi hubadilisha kwa makusudi herufi za jeni zao za kingamwili, kwa kasi inayofikia mara milioni moja ya kasi ya kawaida ya mabadiliko ya jeni. Mabadiliko mengi huharibu, machache huboresha. Seli inayomshika adui kwa nguvu zaidi hubaki, nyingine hufa. Mageuzi ambayo porini huchukua maelfu ya miaka, kwenye mtoki wa mtoto yanakwisha kwa wiki chache.

4. Kifuko kidogo kilichofichua siri kubwa

Asubuhi moja nilimkuta mzee jirani yangu, bwana mifugo mstaafu, amechutama uani anapasua kifaranga wa wiki nne aliyekufa usiku.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Njoo uone hapa.” Kwa ncha ya kisu alinionyesha kifuko juu ya njia ya haja, kikubwa kuliko gololi, kimezungukwa na ute wa manjano. “Kikiwa kizima ni cheupe na kidogo. Hiki kimeumuka. Gumboro hii. Na wale watakaopona, hata ukiwapa chanjo ya kideri huenda isishike.”

Kifuko hicho huitwa cha Fabricius, kwa jina la mwanaanatomia wa Padua aliyekieleza, na kwa karne kadhaa hakuna aliyejua kinafanya nini. Katika miaka ya 1950 Bruce Glick, mwanafunzi wa mambo ya kuku katika Chuo Kikuu cha Ohio State, alikitoa kwenye vifaranga na hakuona kasoro yoyote. Kisha mwenzake, Timothy Chang, aliazima baadhi ya kuku hao kwa somo la darasani. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi kuku aliyechomwa bakteria anavyotengeneza kingamwili. Hawakutengeneza. Jarida kubwa la Science liliikataa makala yao, wakaichapisha mwaka 1956 kwenye jarida la wataalamu wa kuku, Poultry Science.

Hivyo ndivyo seli zinazotengeneza kingamwili zilivyopata jina. Herufi B ya seli B imetokana na *bursa*, jina la kitaalamu la kile kifuko cha kuku. Binadamu hana kifuko hicho, sisi huzitengenezea kwenye uboho wa mifupa. Virusi vya gumboro, jina lililotoka kwenye kitongoji cha Delaware, Marekani, huchoma shule yenyewe. Kuku anayepona amebaki bila walimu, na ndiyo sababu chanjo ya kideri huenda isimshike.

5. Kubwa, nyingi, adimu

Kingamwili zina koo tano, na tatu kati yake zina rekodi.

*Kubwa kuliko zote* ni IgM: Y tano zilizounganishwa, mikono kumi. Ndiyo inayotangulia vitani wakati zilizo bora zaidi bado zinanolewa.

*Nyingi kuliko zote* ni IgA. Mtu mzima hutengeneza gramu 3 hadi 5 kwa siku, kuliko koo nyingine zote kwa jumla. Nyingi haiingii ndani ya damu, hupaka utumbo, pua na koo. Imejaa kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza ambayo kuna mahali bado yanakamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa machafu. Mtoto aliyezaliwa jana hana cha kwake cha kupaka utumboni. Dang'a ndiyo chanjo yake ya siku ya kwanza.

*Adimu kuliko zote* ni IgE. Kwenye damu haimalizi siku mbili kabla nusu yake haijatoweka, wakati IgG hukaa kama wiki tatu. Kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo. Ikikosea shabaha, ikakamata chavua au vumbi, mtu hupiga chafya au hubanwa na pumu.

6. Ndogo kuliko zote: ya ngamia

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa chuo cha Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, walitakiwa kuchambua kingamwili kwa mazoezi. Kwenye friji ya maabara kulikuwa na majimaji ya damu ya ngamia. Wakayatumia, na wakakuta kitu kisicho kwenye kitabu. Kingamwili ya kawaida ina minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi. Nyingi za ngamia zilikuwa na ile mizito tu.

Raymond Hamers na wenzake walitangaza ugunduzi huo mwaka 1993. Ncha ya kingamwili hiyo, ikikatwa peke yake, ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya kingamwili kamili, na bado inamshika adui barabara. Kwa udogo wake hupenya kwenye mianya ambayo kubwa haziingii, tena hustahimili joto. Mwaka 2018 Ulaya iliidhinisha dawa ya kwanza iliyojengwa kwa msingi huo, caplacizumab, ya ugonjwa adimu wa kuganda kwa damu. Papa naye ana kingamwili za namna hii, na ukoo wake umekuwa na kinga inayojifunza kwa zaidi ya miaka milioni 400.

7. Kumbukumbu ndefu kuliko zote

Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki. Kati ya wakazi wasiofika 8,000, takriban 6,000 waliugua kwa muda wa miezi michache. Serikali ya Denmark ilimtuma daktari kijana wa miaka 25, Peter Ludvig Panum, aliyezunguka kijiji kwa kijiji akiuliza nani aliugua, lini, na alikutana na nani.

Aligundua kitu kwa wazee. Mara ya mwisho surua kufika Faroe ilikuwa 1781. Wazee waliougua mwaka huo wakiwa watoto, miaka 65 nyuma, hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Wazee ambao hawakuugua utotoni walilazwa pamoja na wajukuu. Katika miaka hiyo yote surua haikupita visiwani hata mara moja kuwakumbusha somo. Mwili uliliweka wenyewe.

Rekodi hiyo imevunjwa. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wazee 32, wa umri wa miaka 91 hadi 101, walioishi wakati wa homa kuu ya mafua ya 1918. Wote walikuwa bado na kingamwili zinazovitambua virusi vile. Seli B zilizotolewa kwa baadhi yao zilitoa kingamwili zilizowaokoa panya walioambukizwa virusi vya 1918. Miaka 90, na somo bado bichi. Miongoni mwa watunzaji wa kumbukumbu hiyo ni seli za plazma zilizotulia kwenye uboho. Moja peke yake humwaga maelfu ya kingamwili kila sekunde.

8. Mwizi mkubwa wa kumbukumbu

Surua yenyewe ndiyo mwizi huyo. Pasipo chanjo, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18, na magonjwa yanayoifikia ni machache sana. Lakini upele na macho mekundu si mwisho wa hasara. Virusi vya surua hupenda kuingia ndani ya zile seli zinazotunza kumbukumbu, na kuziua.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, damu yao ikiwa imepimwa kabla na baada ya surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anaondoka na somo la surua kwa maisha yake yote, kama wazee wa Faroe, lakini daftari la masomo mengine limechanwa kurasa. Mama anayesema mtoto wake alipona surua kisha nimonia ikamrudisha hospitali hasimulii mkosi tu. Chanjo hutoa somo lilelile bila kuchana ukurasa.

9. Mbadili nguo hodari kuliko wote

Kijidudu cha malale, kinacholetwa na mbung'o, hakijifichi. Huogelea waziwazi kwenye damu kikiwa kimevaa koti la protini takriban milioni 10, zote za aina moja. Mwili hulisoma koti hilo, hutengeneza kingamwili, na kuua karibu kundi zima. Wachache wanaobaki wameshabadili koti. Kingamwili mpya zikija, koti limebadilika tena. Kabati lao lina jeni za makoti zaidi ya 1,000, na huchanganya vipande vyake kushona mapya. Ni ujanja uleule wa fundi cherehani, safari hii uko mikononi mwa adui.

Ndiyo maana homa ya malale hupanda na kushuka kwa mawimbi, na ndiyo maana mpaka leo haina chanjo. Mlipuko wa mwanzoni mwa karne ya 20 kando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda, uliua watu wasiopungua 200,000.

10. Aliyelipa mahari kubwa kuliko wote

Kwenye vilindi vyenye giza vya bahari kuna samaki wenye taa kichwani. Dume ni mdogo mno, na akimpata jike humng'ata na kutomwachia. Katika baadhi ya jamii zao ngozi huungana, mishipa ya damu huungana, na dume huwa kiungo cha mwili wa jike mpaka kufa.

Kwa binadamu haiwezekani. Anayepewa figo la mtu mwingine humeza dawa maisha yake yote ili seli T zisilishambulie. Mwaka 2020 ilibainika kwamba samaki hao wamepoteza jeni muhimu za kinga inayojifunza, na baadhi yao hawawezi kutengeneza kabisa kingamwili wala seli T zilizokomaa. Walitupa silaha ili waoane. Sisi tukizipoteza hatudumu. Virusi vya UKIMWI huua seli T zenye alama ya CD4, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa 500 hadi 1,500 kwenye tone dogo la milimita moja ya ujazo. Zikishuka chini ya 200, magonjwa ambayo mwili ulikuwa ukiyafukuza bila hata kukuarifu huingia mlango wazi.

11. Ushindi mkubwa kuliko wote

Magonjwa mawili tu yamefutwa duniani, na yote mawili yalifanya kituo chake cha mwisho Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika.

La kwanza ni ndui. Oktoba 1977 Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mwenye miaka 23 katika mji wa Merca, Somalia, alipanda gari pamoja na wagonjwa wawili wa ndui ili kuonyesha njia. Hakuwa na kinga, kwa kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili. Alipona, na miaka mingi baadaye alijitolea kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Mwaka 2013 alikufa kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyohiyo.

La pili ni sotoka ya ng'ombe. Miaka ya 1890 iliteketeza mifugo ya Afrika Mashariki, Wamaasai wakabaki na maboma matupu. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwa kuvilea virusi kwenye seli za figo la ndama mpaka vikasahau ukali wake lakini visisahaulike na mwili wa ng'ombe. Mnyama wa mwisho kuthibitishwa kuugua alikuwa nyati wa mbuga ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Muongo mmoja baadaye, 2011, ulimwengu ulitangazwa kuwa huru.

Virusi vya sotoka na vya surua ni ndugu wa damu. Wa ng'ombe tumemmaliza. Wa watoto bado yupo, si kwa kukosa chanjo, bali kwa kukosa kumalizia dozi. Tanzania na Kenya humchanja mtoto mara mbili, akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Ya kwanza wazazi wengi huikumbuka. Ya pili huja mtoto keshaanza kukimbia, anakula ugali, haonekani mgonjwa, na kadi ya kliniki iko chini ya godoro. Itoe leo uiangalie. Kama mstari wa miezi 18 uko mtupu, mpeleke kesho asubuhi.